Malalamiko ya Ukatili kwa Wanyama Nairobi: Mwongozo wa Kuyafikisha Hadi Mwisho

"Niliripoti, hakuna kilichofanyika." Sentensi hii naipata kwa wasomaji wa Nairobi kuliko nyingine yoyote. Mbwa wa Umoja hajafunguliwa mnyororo tangu awe mtoto. Punda wa kubeba maji Mukuru ana donda mgongoni na bado anavuta mkokoteni. Paka wa ploti moja Kasarani wametiliwa sumu. Mtu amepiga simu, amesambaza video kwenye grupu la WhatsApp, labda hata amefika kituoni. Halafu kimya.

Nikiwauliza walimwambia nini afisa, jibu huwa: "Niliwaambia wanamtesa." Malalamiko mengi hufia hapo. Afisa hawezi kuandika "wanamtesa" na kumpeleka mtu kortini. Anahitaji tendo, mtu, mahali, saa na hali ya mnyama. Hatua zifuatazo zimepangwa ili umpe vitu hivyo vitano, kwa mfuatano ambao ofisi za hapa zinaweza kuufanyia kazi. Mifano mingi ni ya mbwa kwa kuwa malalamiko mengi ni ya mbwa, lakini njia ni hiyo hiyo kwa punda, mbuzi, paka na kuku.

Uwe na vitu hivi kwanza

- Daftari lililoshonwa. Karatasi za kuchomoa huleta swali la kama uliziandika juzi.
- Simu yenye kamera na nafasi ya kutosha, tarehe na saa zikiwa sahihi.
- Kitambulisho chako cha taifa.
- Anwani inayoweza kufikika: mtaa, jina la ploti au la korti (kundi la nyumba, si mahakama), namba ya nyumba, rangi ya geti, duka au kanisa la karibu. "Nyuma ya steji" haitoshi.
- Jina la mwenye mnyama, au angalau jina analojulikana nalo mtaani.
- Namba za kituo chako cha polisi, za KSPCA (shirika la ulinzi wa wanyama) na za ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako, zikiwa zimeandikwa daftarini kabla hujazihitaji.
- Shahidi mmoja aliyeona kwa macho yake. Aliyesikia kwako hahesabiki.
- Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, yaani Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, iliyochapishwa. Tovuti ya Kenya Law inaitoa bure. Kifungu cha 3 pekee kinatosha kwa kuanzia.

## Hatua ya 1: Amua kama ni jambo la sasa hivi

Mnyama anayevuja damu, anayepigwa wakati huu, aliyefungiwa ndani ya gari juani, au anayetapika na kutetemeka baada ya kula kitu kisichojulikana ni dharura. Usianze na daftari. Piga simu KSPCA, yenye makao yake Karen na wakaguzi wanaotoka kwenda mahali penyewe. Kama mtu bado anaendelea kumpiga mnyama, piga pia 999 au 112. Sema uko wapi, ni mnyama gani, ana nini. Historia ya jirani huyo itasubiri.

Mnyama akiwa wa porini, kwa mfano tumbili aliyefungwa kamba au kobe anayeuzwa, ofisi yake ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na sheria yake ni ile ya wanyamapori ya 2013. Ukimpeleka kobe kwa ofisi ya mifugo utazungushwa siku nzima bila faida.

Onyo: Ukiumwa au hata kukwaruzwa na mbwa au paka, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza. Malalamiko yataendelea kesho.

Hali nyingine zote, yaani njaa, mnyororo, banda bovu, mzigo mzito kila siku, zinakupa muda wa kujipanga. Utumie.

## Hatua ya 2: Tafuta kosa ndani ya sheria

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ndiyo Sura ya 360. Kifungu cha 3 kinataja matendo yenyewe, na wewe unatafuta lile linalofanana na ulichoona. Kwa maneno ya kawaida:

- kumpiga mnyama kikatili, kumpiga mateke, kumtesa au kumtisha;
- kumbebesha au kumwendesha kupita uwezo wake;
- kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana jeraha;
- kumsafirisha, kumfungia au kumfunga kwa namna inayomletea mateso yasiyo ya lazima;
- kumnyima chakula au maji;
- kumtelekeza mahali atakapoteseka;
- kumpa sumu bila sababu ya haki.

Maneno yatakayobishaniwa ni "mateso yasiyo ya lazima". Ndiyo maana hatua zinazofuata zinashughulika zaidi na mwili wa mnyama kuliko tabia ya mwenyewe.

Chuja pia yasiyohusika. Mbwa kubweka usiku, banda kunuka hadi dirishani kwako, paka kujisaidia mlangoni: hizo ni kero, na afya ya umma ya kaunti ndiyo huzishughulikia. Ukizichanganya na ukatili, afisa ataona ugomvi wa majirani na kuwaambia mkaelewane. Kuchinja kwa ajili ya chakula nako si kosa, hata kama wewe hupendi kutazama.

Mwenye mnyama asiyemsimamia kwa uangalifu wa kawaida huhesabiwa kuwa ameruhusu ukatili. Kwa hiyo "mimi niko kazini, ni keateka hulisha" haimwokoi. Jina la mwenye mbwa ndilo unalolitafuta, na la keateka, yaani mtunza ploti, unaliongeza.

Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kiwango hicho cha faini ni cha kuchekesha na ninaunga mkono wanaotaka kipandishwe. Lakini usiache kwa sababu hiyo. Kifungo kipo, mahakama inaweza kumnyang'anya mtu mnyama wake, na siku za kupanda na kushuka korti za Makadara au Kibera humchosha mtu kuliko faini. Kama mnyama aliyeuawa au kukatwa kwa makusudi ni wa mtu mwingine, mwambie afisa pia kuhusu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kosa hilo lina adhabu isiyofanana na hii ya shilingi 3,000.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema, "Anamnyima maji na kumfunga kwa mateso," badala ya "Ni mtu katili."

## Hatua ya 3: Kagua makao kutoka mahali unaporuhusiwa kusimama

Simama barabarani, kwenye kibaraza chako au kwenye ngazi za pamoja. Usiruke ukuta. Kuingia uani kwa mtu bila ruhusa ni kosa lako wewe, na mwenye mbwa akikutangulia kituoni, faili la kwanza litakuwa lake.

Wengi huandika "banda ni baya" na kuishia hapo. Lipime hivi.

*Nafasi.* Mbwa asimame bila kuinamisha kichwa, ajigeuze, na alale amenyoosha miguu. Moja likishindikana, liandike. Mbwa wengi wa ulinzi Nairobi hufungiwa kutwa na kufunguliwa usiku, na wenyewe husema anapumzika. Kupumzika kunahitaji nafasi ya kulala vizuri.

*Sakafu.* Angalia kama imeinuliwa. Upande wa Embakasi na South C, ule udongo mweusi hushika maji kwa siku kadhaa baada ya mvua, na mbwa aliye chini hulala kwenye tope. Mbao juu ya matofali mawili matatu zinatosha. Saruji tupu nayo huacha alama: tazama sugu za viwiko, sehemu zisizo na manyoya.

*Paa na kuta.* Mvua za Machi hadi Mei huja na upepo, kwa hiyo paa lisilo na ukuta upande inakotoka mvua ni nusu ya paa. Bati lililo karibu na kichwa bila dari hugeuka jiko saa sita mchana, kisha baridi ya Julai huingia usiku kupitia bati hilo hilo. Angalia kama kuna kivuli kingine mchana, na kama kuna gunia kavu au nyasi za kulalia usiku.

*Maji.* Chombo kizito kisichopinduka, chenye maji safi, ndani ya urefu wa mnyororo. Nimeona picha za ndoo iliyojaa maji ikiwa hatua mbili mbele ya mahali mnyororo unapoishia. Mwenye mbwa alisema kweli kwamba maji yapo. Piga picha ya umbali huo.

*Mnyororo na kola.* Kadiria urefu. Angalia kama umejizungusha kwenye nguzo na kubaki mfupi zaidi. Vidole viwili viweze kuingia kati ya kola na shingo. Mbwa aliyefungwa akiwa mtoto na kola yake ikasahaulika hupata kidonda shingoni, kola ikazama nyamani. Hilo ni ushahidi mzito kuliko yote yaliyotangulia.

*Uchafu.* Mavi ya siku moja hayana uzito. Tabaka zilizokauka zenye rangi tofauti zinaonyesha hapajasafishwa kwa muda.

Kwa punda, acha banda na uangalie anapofungiwa mkokoteni: mgongoni, kifuani, chini ya mkia. Donda bichi chini ya kamba, naye bado anavuta, ni kosa lililo wazi la kumfanyisha kazi mnyama aliyejeruhiwa. Kwa kuku wanaoning'inizwa vichwa chini kwenye pikipiki na mbuzi waliorundikwa ndani ya gari aina ya probox kuelekea soko la mbuzi la Kiamaiko, unachohitaji ni namba ya gari, barabara, saa na upande walikoelekea. Zipo kanuni za usafirishaji wa wanyama chini ya Sura hiyo hiyo.

## Hatua ya 4: Weka ushahidi utakaokubalika kortini

Andika daftarini mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa wiki moja hadi mbili. Mistari miwili inatosha:

> Jumanne, saa 1:10 asubuhi (07:10). Sufuria ya maji imekauka. Mbwa amelala juani, mnyororo umejizungusha kwenye nguzo. Shahidi: Mama Akinyi wa B4.

Andika saa kwa namna zote mbili kama hapo juu. Taarifa nyingi za polisi huandikwa kwa Kiingereza, na "saa moja" ikigeuzwa vibaya kuwa 01:00 usiku, wakili wa upande wa pili atakuuliza ulikuwa ukifanya nini kwa jirani saa hiyo.

Andika pia siku nzuri. Kama Alhamisi maji yalikuwepo, sema yalikuwepo. Daftari lenye ubaya mtupu huonekana limetungwa.

Kwa picha, anza na ya mbali inayoonyesha geti na mazingira, kisha ya banda, kisha ya mnyama mzima, kisha ya jeraha. Kila jeraha lipigwe picha pamoja na kichwa au rangi ya mnyama ili isidaiwe ni mbwa mwingine. Video iwe ya mfululizo bila kukatwa, dakika moja au zaidi kidogo, nawe utaje tarehe, saa na mahali kwa sauti ya kawaida. Matusi yako yatachezwa mbele ya hakimu.

Hapa ndipo wengi huharibu. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyorekodiwa, kwa kifaa gani, na ulivyotolewa humo. Anayetia sahihi ni mtu aliyekuwa na kifaa hicho, yaani wewe. Ukifuta picha asilia na kubaki na ile iliyopita WhatsApp, ambayo imepunguzwa ubora na kupoteza taarifa zake za tarehe, umejichimbia shimo. Basi:

1. Usihariri, usikate, usiweke maandishi wala mishale juu ya picha.
2. Acha faili asilia ndani ya simu iliyopiga.
3. Nakili kwenye flashi au kompyuta kwa waya, si kwa kutuma.
4. Usibadilishe wala kuuza simu hiyo mpaka jambo liishe.

Kama ploti ina CCTV, mwombe landilodi au keateka ahifadhi rekodi siku hiyo hiyo. Mashine nyingi hufuta za zamani zenyewe, na zikifutwa hazirudi.

Kwa sumu, usishike tapishi wala chakula kilichobaki kwa mikono mitupu, na watoto wakae mbali. Weka mabaki kwenye mifuko miwili ya plastiki na uyafunge. Mzoga uwekwe mahali baridi na upelekwe Kabete haraka. Maabara za serikali za mifugo ziko huko, na pia kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Bila uchunguzi wa mzoga, "sumu" itabaki kuwa neno lako dhidi ya la jirani.

Usifanye: kuweka sura ya mshukiwa, nyumba yake au namba yake mtandaoni. Atapata nafasi ya kukushtaki kwa kumharibia jina, atamficha mnyama usiku huo huo, na mashahidi wataogopa. Usimrushie mbwa chakula juu ya ukuta pia. Akiugua kesho, mshukiwa wa kwanza ni wewe.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyekujua anaweza kusoma daftari, kutazama picha na kueleza kinachompata mnyama huyo bila kukuuliza chochote.

## Hatua ya 5: Zungumza na mwenye mnyama, ila si kila mara

Ruka hatua hii kama kulikuwa na panga, maji moto, sumu au kipigo cha makusudi. Mtu wa namna hiyo ukimwonya umempa muda wa kuficha.

Lakini hali nyingi za mnyororo na njaa zinatokana na uzembe na kukosa pesa, na hapo mimi huamini mazungumzo kuliko korti. Nenda mchana, mkiwa wawili, na usimame nje ya geti. Anza na yeye kabla ya mbwa:

"Habari ya mchana, Baba Njoro. Poleni na kazi. Samahani kukusumbua, nimeona Simba hana maji tangu asubuhi na jua lilikuwa kali. Nikisaidia kumjazia ukiwa kazini, itakuwa sawa? Na mnyororo naona umemshika shingo. Tukimfungia waya kati ya nguzo mbili, mnyororo utembee juu yake, atakuwa na nafasi na bado atalinda geti."

Umetoa suluhisho na hukumtaja polisi. Muulize kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa bila kumtisha. Leseni za mbwa ni kazi ya kaunti, na asiye na karatasi yoyote huwa mwepesi kusikiliza. Akikubali, mpe siku saba na uandike daftarini alichoahidi.

Mwenye mbwa akiwa ndiye landilodi wako, usiende. Waachie shirika, uwaombe wasitaje walikopata habari. Ujue tu kwamba kesi ikifika kortini, atahitajika shahidi wa kusimama, kwa hiyo tafuta jirani asiye mpangaji wake.

Mzee wa Nyumba Kumi au chifu anaweza kuwa mpatanishi mzuri. Hana uwezo wa kufuta kosa, na mkiandikiana makubaliano kwake, chukua nakala.

## Hatua ya 6: Peleka kwa shirika na kwa kaunti, kwa maandishi

Simu huisha ikikatwa. Baada ya kuongea na KSPCA, tuma barua pepe yenye anwani, kosa kwa sentensi mbili, na picha tatu nzuri. Tatu. Mkaguzi mwenye kazi nyingi hawezi kuchambua arobaini. Toa namba ya mtu wa kuwapokea stejini na kuwaonyesha geti, kwa sababu safari nyingi za bure hutokana na kupotea mitaani.

Nakala ipeleke kwa afisa wa mifugo wa kaunti ndogo yako. Ukiambiwa "hiyo ni kazi ya KSPCA", mjibu kwa upole kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya 2, linaipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika. KSPCA ni shirika la hisani linaloishi kwa michango. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Shirika jingine la kujua ni ANAW, lenye ofisi Nairobi. Linafaa zaidi pale unapohitaji msukumo wa kisheria kuliko gari la kubeba mnyama. Kwa punda kuna Brooke. Kwa paka wasio na mwenyewe wanaozaana kwenye ploti, TNR Trust huwashika, kuwafunga uzazi na kuwarudisha, na hiyo hupunguza hamu ya watu kuwatilia sumu.

Umefaulu ikiwa: mtu mwenye kazi hiyo amefika na ameandika alichokiona. Onyo la maandishi kwa mwenye mbwa, lenye tarehe ya kurudi kukagua, ni matokeo mazuri, na mara nyingi jambo huishia hapo, mnyama akiwa na maji na kivuli.

## Hatua ya 7: Andikisha OB (kitabu cha matukio cha polisi) na usitoke bila namba

Nenda kituo kinachosimamia eneo la tukio, hata kama si kilicho karibu nawe. Asubuhi siku ya kazi ni bora kuliko Ijumaa jioni. Beba daftari, simu, kitambulisho, kile kifungu cha 3, na shahidi.

Soma taarifa yako badala ya kusimulia. Iwe kama hii:

> Mimi ni mpangaji wa nyumba B7, ploti ya …, mtaa wa …. Ploti ya pili kushoto kuna mbwa dume wa kahawia anayemilikiwa na …. Tangu tarehe … hadi tarehe … nimemwona amefungwa kwa mnyororo wa kama mita moja, mchana na usiku, bila paa. Siku nne sufuria yake ya maji ilikuwa imekauka asubuhi na jioni. Mbavu zinahesabika na kola imezama shingoni. Nina picha, video na shahidi. Naomba afisa aende kuangalia pamoja na daktari wa mifugo, chini ya kifungu cha 3 cha Sura ya 360.

Kuna uwezekano wa kuchekwa. "Watu wanauawa, wewe unaleta mbwa?" Usibishane. Jibu moja linatosha: "Afande, naomba tu liandikwe kwenye OB." Kuandikisha ni bure. Ukiombwa pesa ya mafuta ya gari, sema utafuata kwa namba ya OB.

Namba hiyo huwa na nambari ya tukio la siku ikifuatwa na tarehe. Iandike daftarini pamoja na jina la afisa. Ukiandikisha taarifa kamili, omba usomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, na usahihishe saa, majina na rangi ya mnyama.

Wakikataa kuandika, omba kumwona OCS, mkuu wa kituo. Naye akikataa, andika malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ukitaja kituo, siku na saa. Mara nyingi kulitaja jina hilo kwa heshima hutosha kufungua kitabu.

Onyo: Usimchukue mnyama mwenyewe "kumwokoa". Mbele ya sheria mbwa ni mali ya mtu, na kumwondoa ni wizi. Mwache afisa au mkaguzi amwondoe, na uombe liandikwe nani kamchukua, lini, na kwenda wapi.

## Hatua ya 8: Ripoti ya daktari, kisha mashtaka

Kesi bila ripoti ya daktari wa mifugo ni dhaifu. Daktari awe amesajiliwa na KVB, bodi ya madaktari wa mifugo, na ripoti iwe na uzito wa mnyama, hali ya mwili, majeraha na umri wake, na maoni kama mateso yangeweza kuepukika. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayogusa "mateso yasiyo ya lazima". Daktari akiisahau, mwombe aiongeze.

Rudi kituoni kila wiki na namba yako ya OB, umtafute afisa wa upelelezi kwa jina. Wiki kadhaa zikipita bila hatua, andika kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ODPP, ukiambatisha nakala za kila kitu. Sheria inaruhusu pia raia kushtaki mwenyewe kwa idhini ya hakimu, lakini bila wakili sikushauri.

Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda. Kesi nyingi za aina hii huanguka kwa sababu mlalamishi alichoka baada ya kuahirishwa mara ya pili. Ukiulizwa, sema ulichoona, na usikisie mshtakiwa alikuwa anafikiria nini. Mwombe mwendesha mashtaka, kabla ya hukumu, aiombe mahakama impokonye mshtakiwa umiliki wa mnyama. Asipoomba, mbwa anaweza kurudi kwenye mnyororo ule ule jioni hiyo, faini ikiwa imelipwa.

## Hatua ya 9: Panga mahali mnyama atakapokwenda

Makao ya wanyama Nairobi hujaa. Uliza nafasi tangu Hatua ya 6, na kama unaweza kumlea kwa muda au unamjua anayeweza, sema mapema.

Atakayemchukua kwa muda aonyeshe mahali pa kumweka, pakaguliwe kwa vipimo vya Hatua ya 3. Kabla ya kumchanganya na wanyama wengine, daktari amchanje na ampe dawa ya minyoo. Mnyama aliye kwenye kesi ni kielelezo pia, kwa hiyo asigawiwe, asifungwe uzazi wala asihamishiwe kaunti nyingine bila afisa wa upelelezi kukubali kwa maandishi.

Mwenyewe akiamua kumtoa kwa hiari, ambayo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, usichukue mbwa kwa maneno matupu getini. Andikeni karatasi mbili zinazofanana: jina lake na namba ya kitambulisho, maelezo ya mnyama, kwamba anamtoa bila kulazimishwa na hatamdai tena, tarehe, sahihi yake, ya anayempokea na ya shahidi. Piga picha ya mnyama siku hiyo hiyo akiwa na karatasi hiyo mbele yake. Nakala moja ibaki kwa mwenyewe, nyingine iende na mbwa.